Uzi: Moyo "uliofura" – seli ya moyo hujuaje kwamba imeelemewa?

#1 – MwalimuFiziolojia

Habari zenu wana jukwaa. Nafundisha fiziolojia kwa wanafunzi wa uuguzi hapa Nairobi, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: daktari akisema moyo umefura, ni kitu gani hasa kimefura? Wengi hudhani ni maji, wengine mafuta. Nimeamua kulifungulia uzi kwa sababu jibu lake ni mojawapo ya mambo ya ajabu kabisa katika mwili wa binadamu, na pia kwa sababu mji huu umejaa watu ambao presha inaujenga upya moyo wao kila siku na wala hawana habari.

Tuanze na seli yenyewe. Seli ya misuli ya moyo ya mtu mzima ina urefu wa kiasi cha mikromita 100 hivi (mikromita 1,000 ni milimita moja) na upana wa kama mikromita 20. Hujikunja takriban mara 100,000 kwa siku, na karibu haizai kamwe. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Karolinska kule Uswidi walipata njia ya kukadiria umri wa seli hizi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewa kaboni-14, na kaboni hiyo ikaingia katika DNA ya kila seli iliyozaliwa wakati huo. Walipoipima waliona kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha kama asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na akifika miaka 75 ni chini ya nusu ya hapo. Sehemu kubwa ya seli zinazopiga kifuani mwako sasa hivi ni zilezile ulizokuwa nazo utotoni.

Kwa hiyo moyo ukiongezewa kazi hauwezi kuajiri wafanyakazi wapya. Kinachokua ni kila seli, moja moja.

Ndani ya seli kuna nyuzi ndefu, na kila uzi umeundwa kwa vipande vifupi vilivyoungana kimoja baada ya kingine. Kipande kimoja kinaitwa sarkomea, urefu wake kama mikromita 2. Hapo ndipo kazi inapofanyika: protini ya miosini inaishika aktini na kuivuta, sarkomea inafupika, seli inafupika, moyo unasukuma damu. Seli inapokua huongeza sarkomea, na kuna njia mbili za kuziongeza. Fikirieni kamba ya mkonge. Ukiongeza nyuzi ubavuni ukazisokota pamoja, kamba inanenepa. Ukiunga kipande mwishoni, inarefuka lakini unene unabaki uleule. Seli ya moyo hufanya yote mawili, na haifanyi ovyo. Hufuata jinsi inavyovutwa.

Moyo ukilazimika kusukuma dhidi ya presha ya juu, au dhidi ya vali ya aota (mlango wa damu kuingia mshipa mkuu) iliyobana, seli inaelemewa wakati inapojikunja. Hapo huongeza sarkomea ubavu kwa ubavu, ukuta unanenepa, na chumba cha ndani kinabaki vile kilivyokuwa au hata kinapungua. Lakini kama tatizo ni damu nyingi kupita kiasi inayorudi moyoni, tuseme vali inavuja, seli inavutwa wakati moyo unajaa, yaani wakati wa kupumzika. Hapo huziunga mwisho kwa mwisho, seli inarefuka na chumba kinapanuka. William Grossman na wenzake huko Marekani waliandika jambo hili mwaka 1975 baada ya kupima wagonjwa wa aina zote mbili, na hadi leo ndio msingi tunaofundishia.

Kuna hesabu nyuma yake, na ni fupi. Mkazo unaoupata ukuta wa moyo ni presha ya ndani mara nusu kipenyo cha chumba, ukigawanya kwa unene wa ukuta mara mbili. Ni kanuni ya Laplace, yule Mfaransa. Presha ikipanda, mkazo unapanda. Ukuta ukinenepa, mkazo unashuka. Grossman aliona kwamba kwa wagonjwa walioelemewa na presha ndani ya moyo ambao moyo wao bado ulikuwa unafanya kazi vizuri, ukuta ulikuwa umenenepa kiasi cha kutosha kurudisha mkazo karibu na kawaida. Hakuna aliyeziamuru seli hizo. Kila moja ilihisi mzigo wake ikajenga, na ukizijumlisha zote unakuta hesabu imetimia.

Mtu anaweza kusema labda ni homoni tu zilizo kwenye damu. Ndiyo maana napenda sana jaribio la George Cooper na mwenzake la mwaka 1982. Katika ventrikali ya kulia ya moyo, yaani chumba cha chini kinachosukuma damu, kuna misuli midogo inayoshikilia vali kwa nyuzi nyembamba. Walimfanyia paka upasuaji, wakakata nyuzi za msuli mmoja tu. Msuli ule ukabaki mahali pake, unapata damu ileile na homoni zilezile, ndani ya moyo uleule unaopiga, ila sasa hauvuti chochote. Ukaanza kunyauka. Seli zikapungua ukubwa, sarkomea zikavurugika. Walipoushonea tena mzigo wake, ukajijenga upya. Jirani zake ambao hawakuguswa hawakubadilika. Kwangu mimi hapo ndipo hoja inapokaa sawasawa: mzigo wenyewe ndio unaoongea na seli.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri nitakavyoweza.

#2 – MamaWaKayole

Mwalimu asante. Mume wangu alipimwa eko, ile picha ya moyo, mwaka jana, karatasi ikaandika ukuta wa kushoto umenenepa. Presha yake ilikuwa 170 juu ya 100 na kitu. Sasa shida ni kwamba yeye haumwi popote. Anabeba mizigo yake Marikiti kila asubuhi, analala vizuri, na ananiambia kama moyo umenenepa basi umekuwa na nguvu, kama mkono wa fundi. Dawa anameza wiki hii, wiki ijayo anaacha. Nimwambie nini?

#3 – MwalimuFiziolojia

Mama, pole kwa hofu hiyo, na umefanya vyema kuisoma ile karatasi. Wengi huiweka kabatini.

Mwambie hivi: haumwi kwa sababu unene ule ndio unaomfichia mzigo. Ukuta umenenepa ili kila seli irudi kwenye mkazo ambao inauweza, na kwa muda fulani hesabu hiyo inafaulu. Ndiyo maana presha inaweza kukaa na mtu miaka mingi bila hata kikohozi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Wengi wao hawakuwa wanaumwa.

Lakini unene huu una gharama, na gharama inalipwa ndani kwa ndani. Ya kwanza ni damu. Seli ikinenepa, katikati yake inakuwa mbali zaidi na mshipa mdogo unaoilisha, na mishipa hiyo haikui kwa kasi ya seli. Seli inafanya kazi zaidi na oksijeni inaifikia kwa shida. Ya pili ni kovu. Kati ya seli za misuli kuna seli nyingine zinazotengeneza kolajeni, protini ngumu ya kovu, nazo pia huhisi mvuto ule na huanza kumwaga kolajeni kupita kiasi. Ukuta unakuwa mgumu. Moyo mgumu husukuma damu vizuri lakini haulegei vizuri, kwa hiyo haujai, na presha ya kurudi nyuma inaenda kwenye mapafu. Mtu wa namna hiyo siku moja anapanda ngazi na pumzi inamkatika, akipimwa nguvu ya kusukuma anaambiwa iko sawa. Ya tatu ni umeme wa moyo, ambao hupita ovyo palipo na kovu, na mapigo yanaweza kuvurugika.

Kuhusu mkono wa fundi: mkono hupumzika jioni. Presha ya juu inaufinya moyo hata saa nane usiku mwenye nao akiwa amelala fofofo.

#4 – Mwanafunzi_Mwaka3

Mwalimu, swali la kitaaluma kidogo. Unasema seli "inahisi" mvuto. Seli haina neva. Kitabu chetu kinasema anjiotensini ya pili ndiyo inayokuza moyo, na hiyo ni homoni. Sasa ni homoni au ni mvuto?

#5 – MwalimuFiziolojia

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, na watu waliligombania karibu miaka 20 maabarani, kwa hiyo nivumilie nirefushe.

Jaribio lililofungua mlango ni rahisi kulieleza. Unachukua seli za moyo wa panya mchanga, unazipanda kwenye sahani ya mpira laini wa silikoni, zinashika. Kisha unauvuta mpira. Hakuna damu hapo wala neva wala figo, kuna seli na mvuto tu. Kundi la Issei Komuro na Yoshio Yazaki huko Tokyo walifanya hivyo, na kufikia mwaka 1990 walikuwa wameonyesha kwamba ndani ya muda mfupi sana jeni za ukuaji zinawashwa, na utengenezaji wa protini unapanda. Kwa hiyo mvuto peke yake unatosha.

Kisha mwaka 1993 Junichi Sadoshima na Seigo Izumo, wakiwa Boston, wakaonyesha jambo ambalo linaunganisha kitabu chako na mpira wa silikoni. Seli ikivutwa hutoa anjiotensini ya pili iliyokuwa imeihifadhi yenyewe ndani, ikaimwaga nje, nayo ikarudi kushika kipokezi kwenye utando wa seli ileile na majirani zake. Ukiziba kipokezi hicho kwa dawa, sehemu kubwa ya ukuaji inazimika. Homoni ipo, ndiyo, lakini seli yenyewe ndiyo iliyoitoa, na iliitoa kwa sababu ilivutwa.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2004 kundi la Komuro likaonyesha kwamba kipokezi chenyewe, kile cha aina ya 1, kinaweza kuwashwa na mvuto hata pasipo anjiotensini. Walitumia panya wasioweza kabisa kutengeneza anjiotensini, wakauelemeza moyo wao kwa presha, na moyo ukakua vilevile. Dawa ya kandesartani, inayoziba kipokezi hicho, ikauzuia ukuaji huo. Kwa maneno mengine, mlango uleule hufunguliwa na ufunguo wa homoni na pia na mkono wa mvuto.

Lakini hicho ni kipokezi kimoja kati ya vihisi vingi. Vingine ambavyo hupaswi kuvikosa kwenye mtihani wala maishani:

Integrini ni protini zilizokaa kwenye utando wa seli, upande mmoja zimeshika mtandao wa protini ulio nje ya seli, upande mwingine zimeshika kiunzi cha ndani ya seli. Kuta za nje zikivutwa, integrini hupitisha mvuto hadi kwenye vimeng'enya vya ndani.

Titini ndiyo protini kubwa kuliko zote zinazojulikana mwilini mwa binadamu. Imetandazwa kutoka ukingo wa sarkomea hadi katikati yake, na inanyumbuka. Sarkomea ikivutwa kupita urefu wake, titini inafunuka, na sehemu zake zilizokuwa zimejikunja zinaonekana kwa protini nyingine zinazobeba ujumbe hadi kwenye kiini. Naiona kama kihisi kizuri kuliko vyote kwa sababu inapima urefu wa sarkomea moja kwa moja, pale pale kazi inapofanyika.

Halafu kuna vijitundu vya ayoni kwenye utando vinavyofunguka utando ukivutwa. Piezo1 ni kimojawapo, na Ardem Patapoutian, ambaye maabara yake iligundua familia hiyo mwaka 2010, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Vikifunguka, kalsiamu inaingia.

Kalsiamu hiyo, ikidumu juu, huamsha kimeng'enya kinachoitwa kalsinyurini. Mwaka 1998 Jeffery Molkentin na Eric Olson walitengeneza panya ambao kalsinyurini yao ya moyo haizimiki. Panya wale wakaota mioyo mikubwa mno, ikaishia kushindwa, na hakuna presha yoyote iliyowagusa. Walikuwa wamewasha swichi ya ndani bila kuugusa mzigo. Ndiyo maana sisemi mzigo ni kitu na kemia ni kitu kingine. Mzigo huongea, kemia hupeleka habari, kiini huamua.

Na kiini kinapoamua kwa njia hii ya presha hufanya jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Huwasha tena jeni zilizotumika mtoto alipokuwa tumboni: homoni za ANP na BNP ambazo ventrikali ya mtu mzima kwa kawaida haizitoi kwa wingi, na kwa panya hata miosini ya polepole ya utotoni inarudi. BNP ndiyo hiyohiyo tunayopima kwenye damu mgonjwa akifika na pumzi imekatika. Kipimo kile ni seli ya moyo inayolalamika kwamba imevutwa.

#6 – Mwanafunzi_Mwaka3

Nimeelewa mwalimu. Nimenakili yote kwa daftari. Sasa seli ikivutwa huchukua muda gani kuongeza sarkomea?

#7 – MwalimuFiziolojia

Haraka kuliko wengi wanavyodhani. Kundi la Brenda Russell huko Chicago walizivuta seli za maabara kwa asilimia 10 na kuziacha vilevile zimevutwa. Mwanzoni kila sarkomea ikawa ndefu kupita kawaida. Baada ya saa chache tu urefu wa sarkomea ulikuwa umerudi kawaida, ingawa seli bado ilikuwa imenyooshwa, kwa sababu ilikuwa imechomeka sarkomea mpya ndani ya nyuzi zake. Moyo mzima huchukua wiki na miezi, lakini fundi ndani ya seli huanza kazi siku hiyohiyo.

#8 – MkimbiajiKarura

Salamu wakuu. Mimi hukimbia msitu wa Karura na wikendi tunapanda vilima vya Ngong. Mwaka huu niliingia mazoezi mazito ya marathoni, nikapimwa kwa ajili ya bima, nikaambiwa moyo ni mkubwa kidogo na mapigo ni 46. Mke wangu amesoma uzi huu sasa hataki nitoke nje. Je, nami najiharibu?

#9 – FundiWaEko

Naomba nijibu sehemu yangu kwa sababu ndiyo kazi yangu, kupima mioyo kwa eko hapa mjini.

Ndugu Mkimbiaji, sisi tukipima mwanariadha hatuangalii ukubwa peke yake. Ukuta wa kawaida wa ventrikali ya kushoto ni takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwanamume, na 6 hadi 9 kwa mwanamke. Mwanariadha anaweza kufika 11 au 12. Wanariadha weusi huvuka 12 mara nyingi zaidi kuliko wazungu, kwa hiyo anayesoma picha ya Mkenya akitumia vipimo vya Ulaya peke yake anaweza kumtia mtu hofu ya bure. Tunaangalia kama chumba nacho kimepanuka sambamba na ukuta. Kwa mkimbiaji kwa kawaida ndivyo. Na tunaangalia jinsi moyo unavyolegea, na hilo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Moyo wa mkimbiaji hulegea vizuri, mara nyingi vizuri kuliko wa rafiki yake anayeshinda ofisini. Moyo wa presha hulegea kwa shida.

Ila ukipata kizunguzungu ukiwa unakimbia, ukazimia, au kuna mtu wa ukoo aliyefariki ghafla akiwa kijana, uje upimwe vizuri na daktari wa moyo. Kuna ugonjwa wa kurithi unaonenepesha ukuta bila presha yoyote, na huo haungojwi.

#10 – MwalimuFiziolojia

Asante Fundi, hilo la kulegea ni la msingi kabisa.

Niongeze upande wa seli. Kwamba moyo wa mwanariadha hukua si habari mpya. Mwaka 1899 daktari wa Uswidi, Salomon Henschen, aliwapima wanateleza-theluji kwa kugonga kifua kwa vidole tu, akasema mioyo yao ni mikubwa, na alikuwa sahihi. Mwaka 1975, mwaka uleule wa Grossman, Joel Morganroth na wenzake walilinganisha wakimbiaji na waogeleaji kwa upande mmoja, wanamieleka na warusha tufe kwa upande mwingine. Wa kwanza vyumba vilikuwa vimepanuka, wa pili kuta zilikuwa zimenenepa. Tafiti za baadaye zimeonyesha mpaka kati yao si mkali hivyo, maana hakuna mchezo ulio wa aina moja tu ya mzigo, lakini mwelekeo unalingana na tuliyosema.

Kwa mkimbiaji njia inayotawala ndani ya seli ni nyingine: sababu ya ukuaji iitwayo IGF-1, na mnyororo wa protini za PI3K na Akt unaoifuata. Seli inanenepa na kurefuka kwa uwiano, mishipa midogo inakua pamoja nayo, kovu haliongezeki, jeni za utotoni hazirudi. Akiacha mazoezi, moyo hupungua ndani ya wiki na miezi.

Na msidhani tofauti ni muda tu, kwamba saa moja ni salama na saa 24 ni hatari. Kuna watafiti waliojaribu hilo mwaka 2006: panya walibanwa aota kwa vipindi vifupi tu kila siku, kama mtu anayefanya mazoezi, wakalinganishwa na panya walioogelea. Waliobanwa, hata kwa vipindi vifupi, walipata moyo usiolegea vizuri na mishipa midogo iliyopungua. Walioogelea hawakupata. Kwa hiyo aina ya mzigo nayo ina neno lake. Damu nyingi ikipita katika mishipa iliyofunguka ni mzigo mmoja. Kusukuma dhidi ya mlango uliobanwa ni mwingine kabisa, hata ukiwa mfupi.

Ndugu, mwonyeshe mkeo majibu haya, mkapimwe presha wote wawili, kisha urudi Karura.

#11 – MamaWaKayole

Mwalimu nimemsomea mume wangu lile la saa nane usiku. Amenyamaza. Sasa anauliza: ukuta ukishanenepa, unaweza kurudi?

#12 – MwalimuFiziolojia

Unaweza, Mama, kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo penye matumaini.

Seli inayoongeza sarkomea kwa kuvutwa huzipunguza mzigo ukitolewa. Mwanaanga wa Marekani Scott Kelly alikaa angani siku 340 kati ya 2015 na 2016. Kule damu haivutwi kuelekea miguuni, moyo una kazi nyepesi. Alifanya mazoezi karibu kila siku, na bado ventrikali yake ya kushoto ilipungua kutoka gramu 190 hadi 139. Moyo wake ulibaki na afya, ulijipunguza tu kulingana na kazi iliyokuwepo. Vilevile wagonjwa wa moyo ulioshindwa wanaowekewa pampu ya kusaidia ventrikali, seli zao zikipimwa baadaye zinakutwa zimepungua ukubwa.

Kwa mume wako mzigo hutolewa kwa kushusha presha, na ukuta hupungua kwa miezi na miaka, si kwa wiki moja. Akiacha dawa kila wiki ya pili, seli zinaambiwa punguzeni, kisha zinaambiwa ongezeni. Kovu la kolajeni ndilo lisilorudi kirahisi, na hiyo ndiyo sababu ya kutongoja.

Kuhusu dawa gani, hilo ni la daktari wake, lakini niseme jambo ambalo watu wetu wanapaswa kulijua. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002 wa watu 9,193 wenye presha na moyo ulionenepa ulilinganisha losartani, ambayo huziba kile kipokezi cha anjiotensini, na atenololi, dawa nyingine ya presha. Presha ilishuka karibu sawa pande zote mbili, lakini unene ulipungua zaidi kwa losartani, na kiharusi kilipungua pia. Inalingana na tulichosema kuhusu kipokezi. Ila wagonjwa weusi katika utafiti ule walikuwa 533 tu, na kwao faida hiyo ya kiharusi haikuonekana. Ndiyo maana nilifurahi sana mwaka 2019 utafiti uliofanywa kwetu Afrika ulipotoka, watu 728 katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Ulionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa za presha wenye amlodipini ndani yake unashusha presha vizuri kuliko ule wa perindoprili na dawa ya kukojoa bila amlodipini. Kama daktari amempa vidonge viwili pamoja, asione amezidishiwa. Na chumvi apunguze.

Dada zetu walio na mimba wasiguse dawa za presha kama losartani na enalaprili. Humdhuru mtoto.

#13 – DereWaRongai

Mwalimu, swali langu la mwisho. Mdogo wangu wa miaka 19 aliugua koo sana utotoni, viungo vikavimba, sasa wanasema vali inavuja na moyo umepanuka. Presha yake ni ya kawaida kabisa, 110 juu ya 70. Kumbe moyo unaweza kufura bila presha?

#14 – MwalimuFiziolojia

Pole sana ndugu. Huo ni ule mzigo wa pili niliousema mwanzo, na unaukuta sana kwa vijana wetu: homa ya baridi yabisi iliyoanzia kooni ikaharibu vali. Damu inayosukumwa mbele, sehemu yake inarudi nyuma, kisha inarudi tena kuijaza ventrikali juu ya ile mpya. Kila mpigo ventrikali inapokea zaidi ya kawaida, seli zinavutwa wakati wa kujaa, zinaunga sarkomea mwisho kwa mwisho, chumba kinapanuka. Mwanzoni ni msaada, kwa sababu chumba kikubwa hutoa damu nyingi kwa mpigo mmoja. Lakini rudi kwenye Laplace: nusu kipenyo kikiongezeka na ukuta usinenepe vya kutosha, mkazo unapanda, nao mkazo unaita urefu zaidi. Inafika mahali moyo unajipanua kwa sababu umepanuka. Upasuaji wa vali unatakiwa ufanyike kabla ya hapo, na mara nyingi kabla mgonjwa hajahisi amechoka.

Mjamzito naye hupata mzigo wa namna hii, maana damu yake huongezeka karibu nusu. Moyo wake hukua, na baada ya kujifungua hurudi kwa miezi kadhaa. Kwa mdogo wako vali haijifungi yenyewe, kwa hiyo mzigo hauondoki.

#15 – FundiWaEko

Dere, mambo mawili ya kufanya. Kwanza, ile sindano ya penisilini anayochomwa kila wiki tatu au nne asiikose hata akijisikia mzima, inazuia koo lisiiharibu vali zaidi. Pili, chukua eko zake zote, ya zamani na ya juzi, uziweke pamoja. Tafuta mstari wenye LVIDs, ni kipenyo cha chumba baada ya moyo kujikunja, na mstari wenye EF, ni asilimia ya damu inayotoka kwa kila mpigo. Kwa vali ya mitrali (ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto) inayovuja sana, LVIDs ikifika milimita 40 au EF ikishuka hadi 60, daktari wa moyo anaanza kuzungumza upasuaji. Watu wakisikia EF 60 hudhani ni nzuri, na kwa mtu mwingine ni nzuri kweli. Kwa vali hii si nzuri, kwa sababu sehemu ya damu hiyo inarudi nyuma.

#16 – DereWaRongai

Nimezipata zote mbili. Ya 2022 LVIDs ni 34. Ya mwezi uliopita ni 39, EF 62.

#17 – FundiWaEko

Msingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa. Mpeleke wiki hii na karatasi zote mbili, mwonyeshe daktari hizo namba tatu, na uulize kuhusu upasuaji moja kwa moja.